Led Zeppelin II: ile sauti ya mzimu kwenye wimbo wa kwanza ni nini?

kamba_sita:
Wakuu salama? Mi bluzi nimeingilia kwa kina Muddy Waters, hawa Waingereza wa roki nilikuwa nawapita tu, sasa juzi nikasema ngoja niisikilize albamu ya Led Zeppelin II kwa hedifoni mwanzo mpaka mwisho. Kwenye Whole Lotta Love, baada ya lile fujo la katikati, vyombo vinanyamaza anabaki mwimbaji wao Robert Plant peke yake, halafu kabla hajaimba mstari namsikia Plant huyohuyo anauimba kwa mbaaali kama yuko chumba cha pili, ndo unakuja mstari wenyewe. Faili langu bovu au ndo ilivyo? Na la pili, hivi maneno ya ule wimbo si ya Muddy kabisa??

fundi_mitambo:
Faili lako zima mkuu. Kwenye tepu kulikuwa na sauti nyingine ya Plant aliyokuwa ameiimba kabla, sasa mpiga gitaa wao Jimmy Page na fundi sauti Eddie Kramer walipokaa New York kuchanganya sauti, ile ya zamani ikawa inavuja, unashusha mpaka chini kabisa bado inasikika. Kramer akaona isiwe tabu, akaimwagia mwangwi, ikawa kama imepangwa vile. Na lile fujo unalosema humo ndani kuna theremini, kile chombo unakipiga bila kukigusa, unapitisha mkono hewani tu, halafu sauti zinarushwa kulia kushoto. Kompyuta hakuna, ni watu wawili wanazungusha vitufe kwa mikono.

Ujue hawa jamaa albamu ya kwanza imetoka Januari 1969, hii ya pili Oktoba mwaka uleule, na katikati hapo wako barabarani wanapiga shoo, kwa hiyo walikuwa wanarekodi popote walipopata studio, London, Los Angeles, New York, hadi Vancouver huko harmonika ikarekodiwa kwenye kastudio kadogo. Sikiliza solo ya Heartbreaker pale gitaa linapobaki lenyewe, ilirekodiwa studio nyingine kabisa baadaye ikachomekwa, mwenye sikio kali atasikia hata tiuni imepanda kidogo. Kwangu mimi haraka ile ndo imeipa albamu makali, wangekaa miezi sita studio moja wangeilainisha.

mjukuu_wa_delta:
Fundi umelikwepa swali la pili 😂

Kamba sita masikio yako yako sawa. Maneno ni ya You Need Love, mtunzi Willie Dixon, Muddy kairekodi 1962. Dixon alienda mahakamani 1985, wakamalizana nje ya mahakama 1987, na sasa jina lake lipo kwenye wimbo. The Lemon Song nayo ni Killing Floor ya Howlin' Wolf, hiyo kampuni yenye haki za wimbo iliwadai mapema zaidi ndo ukaona jina Chester Burnett likaongezwa, ambaye ndo Wolf mwenyewe. Bring It On Home mwanzo na mwisho wake ni Dixon tena, aliyeiimba ni Sonny Boy Williamson. Nyimbo tisa, tatu za watu.

NgomaNzito:
Hapo mnawaonea bana. Bluzi yote ni kuazimana mistari, Wolf na Muddy wenyewe walichukua kwa waliowatangulia. Na ile rifu ya gitaa ya Whole Lotta Love, kile kipande kinachojirudiarudia, haipo kwa Muddy, ni ya Page. Besi ya John Paul Jones kwenye Lemon Song je, nayo ya Wolf? Mpiga ngoma John Bonham kwenye Moby Dick anaacha vijiti anapiga kwa mikono mitupu, hiyo kaiba wapi?

mjukuu_wa_delta:
Hakuna aliyesema hawajui kupiga, NgomaNzito, mi mwenyewe besi ile naisikiliza mpaka leo. Ila albamu ya kwanza walirekodi nyimbo mbili za Dixon, You Shook Me na I Can't Quit You Baby, na jina lake wakaliandika vizuri tu. Miezi michache mbele wanasahau?? Kuazimana kwa watu wote maskini ni jambo moja, kuazima halafu hela inaingia upande mmoja ni jambo lingine.

NgomaNzito:
Hilo la albamu ya kwanza sina jibu.

kamba_sita:
Asanteni sana wakuu, nimeelewa mpaka nimepitiliza. Sa nikitaka kuisikia vizuri nichukue toleo gani?

fundi_mitambo:
La 2014, Page mwenyewe alilisimamia, na lina diski ya pili ya miksi za awali, utaisikia Whole Lotta Love kabla hawajaipamba. Ila kama una mashine ya santuri tafuta ya kwanza kabisa ya Marekani yenye herufi RL, ile aliyoichonga fundi Robert 'Bob' Ludwig. Aliachia besi nzito mno sindano za mashine za bei rahisi zikawa zinaruka, kampuni yao ya rekodi, Atlantic, wakaiondoa wakatoa nyingine iliyopunguzwa nguvu. Ya RL ikigonga ukuta unatikisika.

kamba_sita:
RL inaandikwa wapi, kwenye kava?

fundi_mitambo:
Hapana, kwenye santuri yenyewe, pale karibu na lebo ambapo mistari imeisha, zimekwaruzwa kwa mkono. Ukiziona usimwambie muuzaji, lipa uondoke.