Nyanya zikiozea njiani, mwenye gari alipe au asilipe?

Wadau tuliongee hili, hasa nyie wenye mafuso na nyie mnaopokea mzigo sokoni Dar.

Nilipakia matenga 120 ya nyanya pale Ilula, Iringa, nyanya ngumu, zile ndo kwanza zinaanza kugeuka rangi, makusudi zifike zimeiva vizuri. Makubaliano gari litoke saa 12 jioni, asubuhi liwe sokoni. Likatoka saa 5 usiku, kumbe dereva alikuwa anasubiri magunia ya viazi ya mtu mwingine, akayapandisha juu ya matenga yangu, turubai likakazwa pande zote, halafu tumevuka Mikumi tairi likapasuka na spea hakuna. Mzigo umeshuka kesho yake saa 10 jioni. Kufunua turubai joto linakupiga usoni kama umefunua sufuria, matenga ya chini yamebonyea yanachuruzika maji. Nyanya hata ukishaichuma bado inapumua na inatoa joto, ukiifungia bila hewa inajipika yenyewe. Matenga 47 yakaenda kwa bei ya masalo, yaani bei ya kutupa ya nyanya zilizoharibika, mengine 20 yakamwagwa. Namdai mwenye gari ananionyesha risiti, chini imeandikwa mali inasafiri kwa hatari ya mwenye mali.

Wengi wananiambia nyanya ndo zilivyo, ukifanya biashara ya vitu vya kuoza ukubali hasara. Mi sikubali. Ningepakia zilizoiva kupitiliza, hiyo ingekuwa juu yangu. Lori la mtu lingepinduka mlima Kitonga likaziba njia watu tukakaa foleni usiku kucha, hapo hata dereva nisingemgusa. Ila viazi nani alivipandisha? Safari ya barabara kuu bila spea, kosa la nyanya liko wapi?

Sheria yetu ya Mikataba, Sura 345, inasema aliyekabidhiwa mali ya mwenzake aitunze kama mtu wa kawaida mwenye busara anavyotunza ya kwake. Wenye magari watasema sheria hiyohiyo inaruhusu watu kukubaliana vingine na risiti ndo makubaliano yenyewe. Sawa, ila mimi ile risiti nimepewa mzigo umeshapangwa, kamba zimeshafungwa, injini inaunguruma. Nilishalipa nauli. Nilikubali saa ngapi?

Kuna hoja moja ya wasafirishaji naiheshimu, kwamba nauli ya tenga ni hela ndogo, huwezi kumbebesha mtu hasara ya mzigo mzima kwa nauli hiyo. Kweli kabisa. Lakini mbona baharini walishalipatia jibu? Kanuni za Hamburg za 1978, mkataba wa kimataifa wa kusafirisha mizigo kwa meli ambao Tanzania ilijiunga 1979, zinasema meli ikichelewesha mzigo msafirishaji anawajibika mpaka mara 2.5 ya nauli ya ule mzigo uliochelewa, na yeye ndo anatakiwa aonyeshe kwamba alichukua hatua zote za busara kuzuia, siyo mwenye mzigo ahangaike kuthibitisha uzembe. Tuweke kitu kama hicho kwenye fuso, kiwango kijulikane, mwenye gari asifilisike na mkulima asirudi kijijini na deni la mbolea.

Nakubali na sisi tuna makosa. Tunapakia kienyeji, hakuna anayeandika nyanya zilikuwa na hali gani wala gari limeondoka saa ngapi, ikifika kwa dalali imeoza kila mtu anaanza hadithi yake. Siku hizi napiga picha tenga moja la juu na moja la chini, utingo akiwepo kwenye picha, na saa ya kuondoka tunaiandika kwa peni nyuma ya risiti, dereva anasaini. Wawili walishakataa kusaini, nikashusha mzigo wangu nikatafuta gari lingine.

Wenye magari karibuni mjibu: mkichukua mzigo wa pili juu ya nyanya za mtu bila kumwambia, hasara ikitokea mnataka iende kwa nani?