Tetemeko likiziba mto kwa kifusi cha mlima: mafuriko ya chini unayapimaje?

Nyundo_na_Dira:
Wakuu, naandaa zoezi la darasani kuhusu Tangjiashan, Sichuan, China, pale mlima ulipoporomokea mtoni kwenye tetemeko la 12 Mei 2008. Kifusi ni mita za ujazo milioni 20.4, kimo mita 82 penye ukingo wa chini kabisa, bonde linaloleta maji km² 3,550, ziwa karibu mita za ujazo milioni 250 kabla ya kufumuka. Fomula ya mtafiti Costa ya kimo (6.3 × H^1.59, H ni kimo kwa mita) inanipa kilele, yaani mtiririko mkubwa kabisa wa mafuriko, cha 7,000 m³/s. Ile ya ujazo (672 × V^0.56, V ni ujazo wa ziwa kwa mamilioni ya m³) inatoa 14,800. Nishike ipi?

MajiYaJuu:
Fomula za kilele ziweke pembeni kwanza, mkuu. Anza na uhai wa kifusi chenyewe. Costa na Schuster walipochambua vizuizi 73 vilivyobomoka, 27% vilikwenda ndani ya siku moja, nusu ndani ya siku 10, na 85% ndani ya mwaka. Kwa hiyo saa inakwenda tangu mto unapozibwa.

Kipimo cha haraka: zidisha eneo la bonde (km²) kwa kimo (m), gawanya kwa ujazo wa kifusi (milioni m³), kisha chukua logi ya 10. Kwako: 3,550 × 82 ÷ 20.4 = 14,270, logi yake 4.15. Chini ya 2.75 kizuizi huwa kinatulia, juu ya 3.08 hakitulii. Hapo hakuna ubishi.

Ila kipimo hicho hakijui kifusi kimeundwa na nini. Udongo na mawe madogo hukatwa na maji upesi, majabali makubwa hupitisha maji katikati yao bila kubebwa. Usoi kule Tajikistan, kizuizi cha tetemeko la 1911 chenye kimo cha zaidi ya mita 500, mpaka leo kimeshikilia Ziwa Sarez.

Ramani30:
Baada ya hapo, siku za kujaa. Chora jedwali la kina na ujazo wa ziwa kwa ramani ya kimo ya kabla ya tetemeko. Lakini ukingo wa kizuizi upime upya, kwa droni au GPS, na utafute sehemu ya chini kabisa, maana maji hayamwagikii kwenye wastani. Watu hukosea hapa: ramani ya SRTM (ya kimo, iliyopimwa kutoka angani) inaweza kupotoka mita kadhaa, na mita 5 kwenye ziwa pana ni siku nzima za hesabu.

Mfano: imebaki nafasi ya m³ milioni 60, mto unaingiza 100 m³/s, 10 zinavuja. 90 × 86,400 = milioni 7.8 kwa siku, yaani chini ya siku 8. Mvua ikipandisha mto hadi 300, zinabaki siku mbili na ushee. Rudia hesabu kila asubuhi.

Mhandisi_Mito:
Sasa 7,000 au 14,800. Kilichopimwa tarehe 10 Juni ni 6,500 m³/s. Usishangilie 7,000 kukaribia! Jeshi lilikuwa limechimba mfereji wa mita 475 juu ya kifusi, mashine zikiletwa kwa helikopta. Maji yalianza kupita tarehe 7, yakakata polepole siku mbili, kisha yakashika kasi. Ziwa likashuka kutoka mita 743 juu ya usawa wa bahari hadi karibu 714, yaani mita 29 tu. Weka 29 kwenye fomula ileile: 1,300. Kwa hiyo kukaribiana kule ni bahati.

Fomula ya ujazo nayo inachukulia ziwa lote linatoka, wakati karibu theluthi moja ilibaki nyuma. Andika zote mbili kama upana wa makadirio, ila ramani ya kuhamisha watu ichore kwa ile kubwa. Mianyang, mji ulio chini ya mto, walihamishwa watu zaidi ya 200,000.

Nyundo_na_Dira:
Nimeelewa. Na dalili za kuangalia pale kwenye kizuizi chenyewe?

MajiYaJuu:
Nenda mguuni mwa kizuizi, upande wa chini, uchote maji yanayovuja kwenye chupa ya kioo. Yakiwa maangavu, kifusi kinachuja tu. Yakiwa na tope, na kiasi kinaongezeka wakati ziwa halijapanda, punje zinabebwa toka ndani: usisubiri maji yafike ukingoni. Halafu kagua mto kwa chini. Tangjiashan kulikuwa na vizuizi vidogo zaidi huko, na kila kimoja kikifumuka huongeza maji na mawe kwenye wimbi linalokuja.