Klachi ya Kirikuu imekwisha: nifungue mwenyewe nyumbani au nimpe fundi?

Mwenye Kirikuu, Iringa

Habari zenu, ndugu zangu. Nina Kirikuu, yaani Suzuki Carry, ya gia za mkono, ambayo hubeba viazi na mboga kutoka mashambani hadi sokoni. Siku hizi nikipanda mlima wa kutoka Ipogolo kwenda mjini nikiwa na mzigo, injini inaunguruma kwa nguvu lakini mwendo hauongezeki, na nikifika juu nasikia harufu ya kitu kinachoungua. Pedali nayo inashika karibu kabisa na mwisho wa juu. Fundi niliyemwonyesha anasema klachi imekwisha na giaboksi lazima ishushwe. Spea nitainunua vyovyote iwavyo; kinachonipa mawazo ni gharama ya ufundi, pamoja na siku ambazo gari litalala gereji huku wateja wakisubiri mzigo. Nina spana za kutosha na jeki, na breki huwa nabadilisha mwenyewe. Je, kazi hii inafaa kufanyiwa nyumbani?

Fundi wa magari, Morogoro

Ndugu yangu, kabla ya kuamua nani afungue, tuhakikishe kwanza kwamba kinachofunguliwa ndicho kibovu. Klachi ya Kirikuu huvutwa kwa waya, na waya ukikazwa kupita kiasi pedali hukosa mchezo, rilizi beringi (beringi inayoiachisha klachi) hubaki imeikandamiza presha pleti (sahani yenye springi inayoibana pleti ya klachi) wakati wote, na klachi huteleza hata kama pleti bado ni nzima. Bonyeza pedali kwa mkono: mwanzoni inapaswa kwenda bila uzito kiasi cha sentimita moja hadi mbili. Ikiwa haina mchezo huo, legeza nati ya waya, kisha ulijaribu gari upya. Kumbuka kwamba pleti inavyolika ndivyo mchezo unavyopungua, kwa hiyo kuteleza kukiendelea baada ya kulegeza, basi pleti ndiyo iliyokwisha.

Jaribio lenyewe ni hili. Simamisha gari kwenye tambarare pasipo mtu mbele yako, vuta breki ya mkono hadi mwisho, tia gia ya tatu, ongeza mafuta kidogo, halafu achia klachi taratibu. Klachi nzima itaizima injini papo hapo, ilhali iliyochoka itaiacha ikiendelea kunguruma. Usilirudie mara nyingi, kwa sababu nalo linaiunguza pleti.

Ikithibitika kuwa imekwisha, ushauri wangu ni kumpa fundi. Kufungua bolti si kazi ngumu. Hatari ipo katika kulala chini ya gari huku unashusha chuma kizito juu ya kifua chako. Jeki imetengenezwa kuinua gari, haikutengenezwa kulishikilia wakati mtu yuko chini, na matofali hayafai kabisa kwa sababu hupasuka ghafla bila dalili. Zaidi ya hapo, giaboksi ikishatoka ni lazima kukagua flaiwili (gurudumu zito la injini ambalo pleti hubanwa juu yake) kama ina nyufa au madoa ya bluu yaliyotokana na joto, na kama imeharibika huenda ikahitaji kukerezwa au kubadilishwa. Sili ya nyuma ya krenki (shafti kuu ya injini) nayo itazamwe kwa makini, kwani ikivuja oili italowesha pleti mpya na kuteleza kutarudi pale pale.

Mwenye Hilux, Tanga

Ninamheshimu fundi, na aliyoyasema kuhusu jeki ni kweli tupu, lakini naomba nitofautiane naye kidogo. Klachi ya gari langu nimeibadilisha nyumbani, na giaboksi ya Kirikuu ni ndogo kuliko ya Hilux. Mwenye sakafu ya zege iliyo sawa, stendi imara nne za kushikilia gari na msaidizi mtu mzima anaweza kuifanya kazi hii, mradi asiwe na haraka. Toa waya wa betri wa hasi kabla ya kugusa stata, tia alama kwenye propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma) ili irudi ilivyokuwa, na uweke chombo cha kukingia oili, kwa kuwa propela ikichomolewa oili ya giaboksi hutoka kwa nyuma.

Wengi hukwama wakati wa kurudisha. Pleti isipokaa katikati kabisa, shafti ya giaboksi haitaingia, na hapo mtu hushawishika kuivuta kwa kukaza bolti, jambo linaloweza kuvunja masikio ya giaboksi. Tumia pini maalumu ya kulenga, na bolti za presha pleti uzikaze kidogo kidogo kwa kukingamanisha. Usiiache giaboksi ining'inie kwenye pleti, maana uzito wake huipinda. Vumbi lililomo ndani ulifute kwa kitambaa chenye maji, usilipulize kwa upepo, kwani pleti za zamani zilikuwa na asbesto na vumbi lake huharibu mapafu.

Fundi wa magari, Morogoro

Kuhusu vumbi na pini nakuunga mkono kikamilifu. Kwa mwenye swali naongeza kwamba, ukiamua kwenda gereji, nunua mwenyewe pleti, presha pleti na rilizi beringi kwa pamoja katika duka unaloliamini. Patana bei ya ufundi kabla gari halijafunguliwa, uwepo siku ya kushusha giaboksi, na uombe kukabidhiwa vifaa vya zamani. Beringi ni ya bei ndogo ukilinganisha na kazi ya kushusha giaboksi mara ya pili kwa sababu yake.

Mwenye Kirikuu, Iringa

Nawashukuru sana. Nimelegeza waya na mchezo wa pedali umerudi, lakini katika jaribio la gia ya tatu injini haikuzima. Uwanja wangu ni wa udongo na una mteremko, na stendi sina, kwa hiyo gari nitalipeleka kwa fundi. Spea nitanunua mwenyewe, na nitamwomba aikague sili ya krenki mbele yangu kabla ya kufunga pleti mpya.