Tupeane uzoefu: picha za ini na nyongo, na ile sindano ya kutoa kipande

Msafiri wa Ngong Road

Jameni, hamjambo. Dada yangu ana maumivu chini ya mbavu za kulia tangu mwaka jana. Amepigwa ultrasaundi, ikaonyesha mawe kwenye mfuko wa nyongo. Sasa vipimo vya damu vya ini vimepanda, na daktari anataka MRI, ile picha ya sumaku, kabla ya upasuaji. Kwenye grupu la familia moto umewaka. Mjomba anasema mawe yameshaonekana, picha nyingine ni ya nini, hao wanatafuta pesa. Shangazi naye anaamini ukipelekwa MRI ni saratani, tena unafichwa. Hakuna aliyeuliza kipimo hiki kinatafuta nini ambacho kile cha kwanza hakikuweza kukiona.

Basi waliowahi kupigwa picha ya ini au nyongo, au kudungwa ile sindano, njooni mseme: ulipimwa nini, ulihisi nini, na jibu lilibadilisha nini. Ukiwa na malalamiko juu ya hospitali, usiitaje jina. Na nyinyi wauzaji wa dawa za kuyeyusha mawe, hapa si penu.

Mama Wawili, Umoja

Mimi nilitibiwa vidonda vya tumbo kwa miaka. Nikila chapati zilizojaa mafuta, usiku maumivu yananishika chini ya mbavu za kulia, yanazunguka hadi nyuma ya bega, natapika, kufikia asubuhi yameisha. Kila nikienda kliniki ya mtaani napewa omeprazole na ushauri wa kupunguza mawazo. Yalianza baada ya mtoto wa pili, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ujauzito huchangia mawe ya nyongo.

Daktari mmoja wa zamu ya usiku ndiye aliyeachana na habari za mawazo. Alibonyeza chini ya mbavu akaniambia nivute pumzi. Pumzi ilikatika katikati kwa uchungu. Akaniandikia ultrasaundi papo hapo.

Kipimo chenyewe hakiumi, ni jeli baridi tu na kile kifaa kinachotelezeshwa tumboni. Yule dada alinigeuza nilale ubavu wa kushoto, kisha akanionyesha skrini. Vitu vyeupe vilibingirika, kila kimoja na kivuli cheusi nyuma yake. Alipobonyeza kifaa juu ya mfuko wenyewe niliruka. Akasema hiyo nayo ni jibu, maana mfuko uliovimba huuma hasa pale unapoonekana.

Nilifanyiwa upasuaji wa matundu madogo. Kilichonishangaza ni kwamba mfuko uliotolewa ulipelekwa maabara, na bili nikaongezewa. Kitu kimeshatoka, kinapimwa cha nini? Wakanieleza kwamba saratani ya mfuko wa nyongo haina dalili mapema, mara nyingine hugunduliwa hapo tu, kwenye mfuko uliotolewa kwa sababu ya mawe. Wangu ulirudi na jibu la kuvimba kwa muda mrefu, saratani hakuna. Pesa hiyo sikuijutia.

Mpiga Picha

Kazi yangu ni ultrasaundi, kwa hivyo niruhusuni nimjibu mjomba.

Ultrasaundi ndiyo bora kwa mawe yaliyo ndani ya mfuko wa nyongo. CT, picha ya eksirei inayozunguka mwili, inaizidi bei na bado hukosa kuyaona mawe mengi, kwa sababu jiwe la kolesteroli linaweza kuwa na uzito sawa na nyongo inayolizunguka, likapotea kwenye picha. Lakini jiwe likitoka mfukoni likaingia kwenye mrija mkuu unaoshusha nyongo utumboni, sisi tunapata taabu. Sehemu ya chini ya mrija inapita nyuma ya utumbo, utumbo una gesi, na mawimbi ya sauti hayapiti kwenye gesi. Naweza kuona mrija umepanuka kupita milimita 6 hivi bila kuona kilichoupanua. Ripoti nitaandika "mrija umepanuka, sababu haijaonekana". Mtu akisoma anadhani nimelala kazini.

Dada yako ana mawe na vipimo vya ini vimepanda. Daktari anashuku kuna jiwe limeponyoka. Ile MRI ya mirija ya nyongo, MRCP, inachora majimaji yaliyotulia: nyongo inang'aa nyeupe na jiwe linabaki tundu jeusi ndani yake. Haina mionzi, na kwa MRCP ya kawaida huchomwi sindano ya dawa. Wakitoa mfuko na kuliacha jiwe kwenye mrija, atarudi akiwa wa manjano.

Na tafadhalini, mkiambiwa msile saa sita au nane kabla ya ultrasaundi ya nyongo, muelewe sababu. Ukila, hasa mafuta, mfuko unajikaza kuimwaga nyongo, nabaki natazama kitu kilichosinyaa chenye kuta nene. Ukuta ukizidi milimita 3 tunaanza kushuku kwamba mfuko umevimba kwa ugonjwa. Kikombe cha chai ya maziwa kinaweza kukupa ugonjwa usio nao. Maji matupu hayana neno.

Bint Pwani, Eastleigh

Haya ya jiwe kuponyoka ndiyo yaliyompata mume wangu. Alianza kujikuna usiku kucha, mkojo ukawa rangi ya chai ya rangi, choo kikawa cheupe. Macho yalipogeuka manjano, kila mtu akawa tabibu. Mmoja kaleta majani ya mpapai, mwengine kasema kafanyiwa jambo, mwengine kasema ni homa ya manjano, ya mbu. Mama mkwe wangu, Mungu amweke, ndiye aliyesema choo cheupe maana yake nyongo haishuki, mpelekeni akapigwe picha.

Ultrasaundi ikaonyesha mirija imepanuka, MRCP ikaonyesha jiwe chini kabisa. Ndipo akafanyiwa ERCP. Hiyo, mwenzangu, si picha ya kutazama tu. Wanamlaza, wanapitisha mpira wenye kamera kinywani hadi pale mrija unapofungukia utumboni, wanatia dawa ya kuonekana kwa eksirei, wanakata kidogo pale mlangoni, wanalivuta jiwe. Yeye walimwekea na kijibomba cha plastiki cha kupitishia nyongo. Jamani, kijibomba hicho kina siku zake. Lazima urudi kitolewe au kibadilishwe, kikisahaulika huziba na kuleta homa.

Usiku ule tumbo likamshika upya, likatokea mgongoni. Kongosho lilikuwa limechokozeka. Daktari alituonya mapema kwamba jambo hilo hutokea kwa wagonjwa wachache baada ya ERCP, ndiyo maana siku hizi hawaianzi kwa kutafuta tu, wanatanguliza MRCP. Alilazwa kwa dripu, alhamdulillahi akapona.

Kwa hivyo mjomba akisema MRI ni ya kula pesa, mwambieni inamwepushia mtu kuingizwa mpira bure.

Kijana wa Roysambu

Yangu si mawe. Nilienda kutoa damu, wakanipigia simu nirudi: hepatitisi B, virusi vya ini. Nilikuwa fiti, nacheza mpira kila wikendi. Rafiki yangu akanitisha kwamba sasa watanidunga sindano ya ini.

Hawakunidunga. Nilipimwa FibroScan, mashine inayopima ugumu wa ini. Unalala chali, mkono wa kulia nyuma ya kichwa, wanaweka kifaa katikati ya mbavu, na kila mpigo unahisi kama umepigwa kidole kwenye ngozi. Dakika chache, imeisha. Namba hutoka kwa kilopaskali. Mimi nilikuwa na 5 na kitu, ini laini. Wakaniambia sirosisi, yaani ini kujaa makovu, kwa kawaida huanza kushukiwa ikipita 12 hivi, ila inategemea ugonjwa. Na usile saa tatu kabla, chakula hupeleka damu nyingi kwenye ini na namba inapanda ya uongo.

Sasa narudi kliniki kwa ratiba, damu na ultrasaundi. Hepatitisi B inaweza kuleta saratani ya ini hata kabla ya sirosisi, kwa hivyo sikosi.

Kondakta wa 46

Kuna FibroScan nzuri na bado ukatapika damu. Mimi nimekulia Mwea, kwenye mashamba ya mpunga, miguu ndani ya maji. Ini langu lilipimwa ugumu, likaonekana si baya. Ultrasaundi ndiyo iliyoonyesha makovu manene yamezunguka mishipa ya damu ndani ya ini, na bandama kubwa. Kichocho cha tumbo, cha tangu utotoni. Ukienda kupigwa picha, sema ulikokulia.

Mwalimu wa Zamu, Kasarani

Mimi ndiye wa sindano. Vimeng'enya vya ini vilikuwa juu kwa miezi, hepatitisi B hakuna, C hakuna, pombe sinywi, ultrasaundi safi. Familia ikafurahi: picha ni safi! Daktari hakufurahi. Alinieleza kwamba ini linaweza kuchomeka ndani kwa ndani, kwenye seli, na picha isione kitu. Akataka kipande.

Niliogopa kuliko nilivyoogopa kujifungua. Kwanza walipima damu: chembe za kugandisha, muda wa kuganda, na grupu ya damu ikiwa itahitajika. Siku yenyewe walitafuta njia kwa ultrasaundi, wakatia ganzi kati ya mbavu. Nikaambiwa toa pumzi, shikilia, na usicheke. Nani atacheka? Ulisikika mlio mfupi, tak, sindano ikawa imeingia na kutoka. Maumivu yalikuja begani, bega la kulia! Nilidhani wamekosea mahali. Kumbe mishipa ya fahamu ya kiwambo cha chini ya mapafu inaungana na ya bega, ubongo unachanganyikiwa. Nililazwa kwa ubavu wa kulia ili uzito wa mwili ubane jeraha, wakapima presha na mapigo mara kwa mara hadi jioni.

Jibu lilikuwa kinga ya mwili inashambulia ini langu. Nikaanza dawa za kuituliza kinga hiyo, prednisolone, baadaye azathioprine. Vimeng'enya vimeshuka. Bila kile kiuzi cha nyama ningekuwa bado nafurahia picha safi.

Mpita Njia

Lakini tunaambiwa ukidunga uvimbe, saratani inasambaa. Hamuoni mnawapotosha watu?

Fundi wa Darubini

Mpita Njia, hofu yako ina chembe ya ukweli iliyokuzwa mno. Seli kubaki kwenye njia ya sindano hutokea, lakini ni nadra. Kwa saratani ya ini yenyewe kuna jambo zuri zaidi. Mtu mwenye sirosisi akiwa na uvimbe unaowaka haraka kwenye CT dawa ikiwa mishipani, kisha unafifia kabla ya ini lingine, jibu linatolewa kwa picha, bila sindano. Ndiyo maana CT hiyo hupigwa mara kadhaa mfululizo. Si mashine iliyoharibika.

Sasa niwaambie ya huku nyuma, maana wagonjwa hawayaoni. Kipande cha biopsi, yaani kile cha sindano, ni kama 1/50,000 ya ini zima. Kikitoka kinaingia formalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, kinagandishwa ndani ya nta, kinakatwa utando wa maikroni 4 au 5, ndipo kinatiwa rangi: ya waridi na zambarau kwanza, halafu rangi nyingine ya kuonyesha makovu. Tunataka kiwe na urefu wa sentimita 2 hivi, kwa sababu makovu hayajatawanyika sawasawa. Kipande kifupi kinaweza kuangukia sehemu nzuri kikadanganya.

Nairobi ndugu wa mgonjwa mara nyingi ndiye anayebeba chupa kutoka hospitali hadi maabara nyingine. Kabla hujapanda matatu nayo, angalia: jina limeandikwa kwenye chupa yenyewe wala si kwenye kifuniko tu, ndani kuna formalini na si maji ya dripu, na fomu ina historia ya mgonjwa. Naletewa fomu zimeandikwa "kipande cha ini" basi, hakuna umri, hakuna dawa anazotumia, hakuna matokeo ya picha. Nikiona mafuta kwenye seli na sijui kama anakunywa pombe au ana kisukari, nitakwambia nini? Dawa za kienyeji nazo ziandikwe. Mtu akificha, tunahangaika na ini lililoumia bila kujua limeumizwa na nini.

Mwana wa Lodwar, Kitengela

Kuna uvimbe ambao usikubali udungwe ovyo. Binamu yangu alikuja Nairobi na tumbo limejaa, wakataka kuchukua kipande. Daktari wa picha akatazama CT akauliza, huyu ametoka wapi? Tukasema Turkana. Mbwa mlikuwa nao nyumbani? Wengi. Akasimamisha kila kitu.

Ilikuwa hidatidi, uvimbe wa maji wa mnyoo wa mbwa, vifuko vidogo ndani ya kifuko kikubwa. Maji yale yakivuja tumboni, mtu anaweza kuzimia kwa mzio au mbegu zikaota upya. Kwetu ugonjwa huu ni wa zamani, na shirika la afya la AMREF walizunguka na mashine za ultrasaundi vijijini tangu miaka ya 1980. Binamu alipewa albendazole, dawa ya minyoo, kwanza, ndipo wakaja kuuvuta kwa sindano kwa utaratibu wake maalumu, wakatia dawa ya kuua mnyoo na kuvuta tena.

Msafiri wa Ngong Road

Nimewasomea wote kwa sauti, pamoja na mjomba. Amenyamaza, sasa anauliza kama SHA, bima ya afya ya serikali, italipa. Swali la mwisho: dada anafanya kazi ya kukata na kuchomelea vyuma Kamukunji, tena anaogopa mahali pa kubanwa. Kuna shida na MRI?

Mpiga Picha

SHA, ulizieni dirishani kabla ya siku yenyewe kama inatakiwa idhini ya mapema.

Hilo la vyuma ni kubwa kuliko woga. Awaambie wakati wa kuandikisha, si akiwa mlangoni. Mtu aliyekata chuma anaweza kuwa na chembe ndani ya jicho bila kujua, na sumaku ile inaweza kuisogeza ikamharibu jicho. Watampiga eksirei ya macho kwanza. Ikiwa safi anaingia. Kwa woga, aombe atangulizwe miguu kama mashine yao inaruhusu, ingawa tumbo bado litakuwa ndani. Atapewa kengele ya kubonyeza na vya kuziba masikio. Ajizoeze nyumbani kushikilia pumzi, kwa sababu akihema ovyo picha ya mirija inatoka na ukungu na atarudishwa.

Na abebe ile ultrasaundi ya kwanza, ripoti pamoja na picha zenyewe.