Mtambo wa redio unashusha nguvu kila mvua inaponyesha: naomba ushauri

Habari zenu, ndugu zangu. Ninasimamia redio ndogo ya jamii wilayani Mpwapwa, yenye mtambo wa wati 500. Tangu mvua za Desemba zianze, kila inaponyesha usiku mtambo hujishusha wenyewe hadi wati 100 hivi huku kipimo cha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena kikipanda, na jua likishawaka vizuri hali hurejea kama kawaida.

Mzee aliyekuwa fundi mitambo wetu amestaafu. Ndiye aliyezungushia tyubu ya baiskeli maungio ya kebo inayopanda mnarani hadi kwenye antena, na ndiye aliyemkuta mjusi amekauka juu ya bodi ya umeme siku tulipopotea hewani katikati ya matangazo ya vifo, wasikilizaji wakaja kwa baiskeli hadi mlangoni kuuliza jina la marehemu. Mjusi yule alimtia kwenye chupa, akaiweka juu ya meza ya studio, akasema huyo ndiye mtangazaji aliyekatisha kipindi.

Je, nibadilishe kebo yote ya mita 40, ambayo ni ghali mno kwetu, au nianze na maungio?

Fundi Mstaafu, Kizota
Mwanangu, mtambo wako hauumwi. Unajilinda ili transista zisiungue. Maji yameingia kwenye kebo. Uzimeni kabla mtu hajapanda mnarani, kisha fungueni maungio ya juu, na mkikuta shaba imegeuka kijani, kateni sehemu hiyo na kufunga konekta mpya. Utepe wa mpira uzungushwe kuanzia chini kwenda juu, tabaka zipandane kama vigae, kwa maana tyubu haistahimili jua letu.

Kebo nayo ipindeni kitanzi kinachoning'inia chini kabla haijaingia chumbani, ili maji yadondokee nje. Kituo kimoja nilichohudumia hakikuwa nacho, maji yakafuata kebo hadi ndani, mlinzi akatega sufuria, na maikrofoni ya chumba cha pili ikanasa matone hayo, hata msikilizaji mmoja akapiga simu kuuliza ile ni ngoma ya wapi.

Mama Mtangazaji, Kondoa
Kaka, kabla ya kukata chochote, unganisheni mtambo na mzigo bandia wa omu 50, yaani kifaa kinachopokea nguvu ya mtambo badala ya antena, wakati mvua inanyesha. Nguvu isiporudi, kosa liko nje. Mkimaliza, msisahau kurudisha antena. Fundi wetu alisahau, nami nikasalimia vijiji vyote jioni nzima bila simu hata moja kuingia, nikaamini kwamba wasikilizaji wamenuna.

Mwanzisha uzi: mrejesho
Ninawashukuru sana. Kwenye mzigo bandia mtambo ulitulia, na juu ya mnara shaba ilikuwa kijani kwa takriban sentimita 20. Tumekata, tumefunga konekta mpya, na mvua ya jana usiku imepita tukiwa na wati zote 500.

Mzee wetu aliyestaafu alipiga simu kuulizia tyubu yake. Nilimweleza kwamba ilikuwa imepasuka upande wa juu, naye akaomba tumtunzie kipande hicho.