Marubani wa porini Alaska na Kanada: baridi ya −40, injini inawashwaje?

Kipanga_77

Wakuu, habari za saa hizi. Kila nikisoma kuhusu marubani wa porini kule Alaska na Yukon nakutana na dubu, dhoruba na ndege iliyotua juu ya barafuto (mto wa barafu wa milimani). Sawa, lakini asubuhi yake haielezwi. Chukua Beaver, ndege ndogo ya propela moja, imelala nje, juu ya ziwa lililoganda, hakuna hanga wala umeme, kipimajoto kinasoma nyuzi 40 chini ya sifuri. Injini inawashwaje bila kuharibika? Skii (vile vitelezeo vinavyofungwa badala ya magurudumu) zikishikana na barafu zinabanduliwaje? Na hewani, hatari kubwa ni injini au ni macho ya rubani? Naomba majibu ya kiufundi, stori za dubu ninazo za kutosha.

Fundi_Radiali

Mkuu, kazi ya asubuhi inaanza jioni. Injini ikizimwa tu, oili ikiwa bado ya moto, inamwagwa kwenye debe na debe linalala ndani ya kibanda karibu na jiko. Kwa Beaver ni kama lita 20. Ukiiacha kwenye tangi usiku kucha, asubuhi unakuta kitu kama lami. Njia nyingine, kwa injini zenye mfumo huo, ni kuingiza petroli kidogo kwenye oili kabla ya kuzima ili ibaki nyepesi. Kesho yake injini ikipata moto petroli inavukizwa na oili inarudi uzito wake.

Asubuhi turubai zito linafunika pua yote ya ndege hadi chini kwenye theluji, kama hema. Ndani yake zamani liliwekwa jiko la petroli la kupuliza moto. Siku hizi wengi wana hita ya gesi ya propani yenye bomba la kupeleka hewa moto. Saa nzima, wakati mwingine mbili. Mtu anakaa humo humo na kizimamoto mkononi, maana juu ya kichwa chake kuna kabureta na mabomba ya petroli, na turubai lenyewe limelowa oili ya miaka. Kutoka kwenda kunywa chai ndiko kulikounguza ndege za watu.

Wengi hudhani shida ni oili peke yake. Kasha la injini ni alumini, krankshafti (mhimili unaozungusha propela) ni chuma, na alumini husinyaa karibu mara mbili ya chuma. Kwa hiyo kwenye baridi ile nafasi za beringi zinabanwa. Ukimimina oili ya moto ndani ya injini baridi ukawasha, umetatua nusu tu ya tatizo.

Moto ukishaingia vizuri, oili inarudishwa, magineto (mitambo ya cheche) yako OFF, na propela inazungushwa kwa mkono. R-985, injini ya Beaver, ina silinda 9 zilizopangwa duara, na zile za chini hukusanya oili juu ya pistoni. Propela ikigoma usilazimishe, wala usiirudishe nyuma. Fungua plagi za chini oili itoke. Anayelazimisha anapinda konrodi (mkono unaounga pistoni na krankshafti), na hiyo konrodi inaweza kukatika baada ya safari kadhaa, si siku hiyo.

Kosa linalouma zaidi ni haraka. Injini isiyopashwa vya kutosha hushika mara mbili tatu, halafu inazima. Ule mwako mfupi umetoa mvuke wa maji, na mvuke umeganda kwenye ncha za plagi. Cheche haipiti tena hata uhangaike vipi. Unarudi kwenye turubai upya, au unatoa plagi zote ukazipashe. Ikiwaka vizuri, macho kwenye geji ya presha ya oili: sekunde 30, baridi kali sana dakika moja. Haijapanda? Zima.

Sakitu

Fundi kamaliza, naongeza mawili.

La kwanza ni bomba la kupumulia la injini, lile dogo linalotoka chini ya boneti. Mvuke wa ndani ya injini unatokea hapo, ukikutana na hewa ya nje unaganda mdomoni, tabaka juu ya tabaka, mpaka bomba linaziba. Presha haina pa kwenda, inasukuma sili ya mbele ya krankshafti, na oili yote inaishia kwenye kioo cha rubani. Dawa yake ni rahisi kuliko hasara: tundu au mpasuo kwenye bomba hilo, sehemu ya juu iliyo ndani ya boneti penye joto. Mdomo ukiziba, tundu linapumua.

La pili, sakitu, ile barafu nyembamba inayoota juu ya vitu usiku. Sakitu yenye ukali wa msasa wa kawaida juu ya bawa inaweza kupunguza mnyanyuo kwa asilimia 30 na kuongeza ukinzani wa hewa kwa asilimia 40. Kwa macho haionekani kitu. Ndiyo maana mabawa huvalishwa vifuniko vya kitambaa usiku, na vikikosekana watu wawili hushika kamba, mmoja mbele ya bawa na mwingine nyuma, wakaivuta huku na huku kama msumeno. Kuing'arisha tu sakitu iwe laini haitoshi, iondoe.

Skii_na_Boya

Nije kwenye skii. Skii ikiteleza inapata joto la msuguano, ukisimama lile tabaka jembamba la maji linaganda na ndege imegundishwa. Kwa hiyo husimami popote tu. Unazunguka kwanza mara mbili tatu kushindilia theluji iwe njia, kisha unaipandisha ndege juu ya magogo membamba au matawi ya misonobari. Theluji iliyoshindiliwa hukaza yenyewe ikiachwa. Kesho yake hiyo ndiyo njia yako ya kurukia. Ikiganda hata hivyo, gonga ubavu wa skii kwa nyundo ya mbao, mtu mwingine atikise ndege kwa kushika mkia.

Kinachotisha zaidi ni maji yaliyojificha. Uzito wa theluji unaididimiza barafu ya ziwa, maji yanapanda kupitia nyufa na kutanda juu ya barafu, chini ya theluji. Theluji inayafunika kama blanketi, hayagandi hata kwenye −30. Ukisimama humo, skii zinazama kwenye uji, na uji ukiganda unahitaji shoka na siku nzima. Kipimo chake: gusisha skii juu ya theluji ukiwa bado na kasi ya kuruka, buruta mita mia kadhaa, paa, zunguka, kisha tazama alama zako. Zikibaki nyeupe, tua. Zikianza kugeuka kijivu, hapo chini kuna maji, tafuta pengine.

Kwa njia, skii si za theluji tu. Bob Reeve wa Valdez, miaka ya 1930, alirukia kwenye tope la pwani kwa skii maji yakiwa yamekupwa, ili kiangazi aendelee kupeleka mizigo ya migodi juu ya barafuto. Ratiba yake ilipangwa na bahari.

Kipanga_77

Nimeelewa sana wakuu. Na macho?

Altimita

Mkuu, kwa maoni yangu macho yanaua kuliko injini. Mawingu meupe juu, theluji nyeupe chini, kivuli hakuna: hujui uko futi 5 au 50. Rubani hutua kando ya ufuo wa ziwa penye miti ili apate cha kulinganisha. Pasipo na miti, anapita chini kwanza akitupa matawi ya misonobari au mifuko myeusi yenye uzito, kisha anatua akiyafuata. Asipokuwa navyo, anashusha ndege kwa futi 150 hivi kwa dakika, pua imeinuka kidogo, nguvu ya injini ipo, na anasubiri mguso bila kubahatisha. Kwenye maji yaliyotulia kama kioo, ndege za maboya (vyelezo badala ya magurudumu) hutua kwa mbinu hiyo hiyo.

Na altimita, geji ya kimo, hudanganya kwenye baridi. Kanuni ya haraka ni kupunguza asilimia 4 ya kimo kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi chini ya joto la kawaida, yaani lile la kiwango ambacho geji imepimiwa. Uwanja uko usawa wa bahari, joto la kawaida hapo ni 15, leo ni −35: tofauti 50, yaani asilimia 20. Geji inasema futi 3,000, wewe uko kama 2,400. Mlima wa futi 2,500 kwenye ramani umeshakuwa mbele ya pua yako.

Sakitu

Na usisahau sanduku la dharura. Kwa miaka mingi sheria ya Alaska ilitaka chakula cha wiki moja kwa kila mtu, shoka, kisu, kiwashio, ndoano na nyuzi za kuvulia, vifaa vya kuashiria, huduma ya kwanza, na kuanzia tarehe 15 Oktoba hadi 1 Aprili viatu vya theluji na mfuko wa kulalia. Na chandarua cha kichwa kwa kila abiria.

Kipanga_77

Chandarua? Huko kwenye barafu?

Skii_na_Boya

Subiri Juni, mkuu. Barafu ikiyeyuka, maji hayapenyi kwenda chini kwa sababu udongo wa chini bado umeganda, kwa hiyo tundra yote, ule uwanda wa baridi usio na miti, inakuwa dimbwi. Rubani aliyekwama na boya lililotoboka huvaa chandarua kabla hata ya kutoa pampu.