MF 290, Ford 6610 au katapila la zamani: lipi la kununua?

Alizeti_Kibaigwa
Wakuu, habari za mashamba. Nina ekari 60 huku Kibaigwa, mahindi na alizeti, na nimechoka kupanga foleni ya trekta la kukodi kila mvua ya Desemba ikianza. Dalali ameniletea matatu: Massey Ferguson 290 na Ford 6610, yote mitumba kutoka Uingereza, na katapila la D4 ambalo bei yake ni ya kutupa. Nitavuta jembe la diski tatu. Natafuta mwenye kujua, mashabiki wa Massey na Ford nimeshawasikia wa kutosha.

MzeeWaDiski
Massey tu mkuu. Spea zake hata duka la baiskeli unapata. Mengine stori.

Fundi_Spana
Mzee kachekesha ila hajakosea. Sifa ya Massey nusu ni chuma, nusu ni maduka. 290 ina Perkins A4.248, silinda nne, lita nne na ushee, na Massey za ukoo huo zimeendelea kuundwa Pakistani na India, kwa hiyo ringi na pistoni mpya zipo. Slivu, yaani bomba la ndani ya silinda, ikiisha unaing'oa unapiga nyingine.

Ford nayo msiitukane. Nguvu ni zilezile, farasi 80 hivi, na haidroliki yake naikubali. Ugonjwa wake unaojulikana ni bloku. Silinda zimechongwa humohumo kwenye bloku, hakuna slivu, na redieta ikijazwa maji ya mtoni miaka nenda rudi bila kulanti (dawa ya redieta ya kuzuia kutu), ukuta wa silinda unaliwa kutokea upande wa maji mpaka unatoboka kitundu cha sindano. Maji yanaingia kwenye oili. Inatibika kwa kuchonga na kuvalisha slivu, lakini hiyo ni kazi ya karakana yenye mashine, si ya chini ya mwembe.

Nenda alfajiri, usimtaarifu dalali. Weka kiganja kwenye bloku: ikiwa ya moto, kaiwasha mapema ili usione inavyosumbua ikiwa baridi. Legeza nati ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, pole pole. Maji ni mazito kuliko oili, yakiwemo yatatangulia kuchuruzika. Ndipo uwashe, ufungue kifuniko cha oili. Ikipumua moshi kwa kishindo, ringi zimechoka. Moshi mweupe wa asubuhi ukikata baada ya muda si neno. Wa bluu usiokata ni oili inayoungua.

Kisha funga jembe, linyanyue, zima injini. Likilala chini kabla hujafika kwa mama ntilie, haidroliki inavuja ndani. Rangi mpya na mita ya saa achana navyo, vyote vinachezewa.

La mwisho, kama 290 hiyo ina Multi-Power (swichi ya kubadili high na low bila kukanyaga klachi) na unavuta tela: ikiwa kwenye low, injini haishikilii kitu mteremkoni. Linajiendea tu kama liko nyutro. Weka high kabla hujaanza kushuka.

MwanaKongwa
Niongezee la katapila, maana huku kwetu historia yake tunayo. Mradi wa karanga wa Waingereza, 1947 hadi 1951, uliletewa makatapila chakavu ya vitani kutoka Ufilipino, pamoja na Shervick, yaani vifaru vya Sherman ambavyo Vickers waligeuza kuwa matrekta. Yalikufa mfululizo: spea mbali, mafundi wachache, na udongo wa Kongwa kiangazi unagoma kabisa.

D4 yenyewe ni chuma cha kweli, injini inaweza kukuzika. Gharama iko miguuni: minyororo, rola, sproketi. Ndiyo maana bei ni ya kutupa. Tena barabarani haliendi, kila kuhama shamba ukodi lobedi, lile tela la kubebea mitambo. Kama una pori la kung'oa visiki, kodi, ukimaliza rudisha.

Alizeti_Kibaigwa
Ahsanteni sana. Katapila nimeshalitoa kwenye hesabu. Ford nimefungua redieta jana, maji ni kutu tupu. Fundi, nikikuta 290 oili safi ila inapumua, niondoke?

Fundi_Spana
Usiondoke. Ulizia gharama ya ovaholi hapo mjini, itoe kwenye bei anayotaja, akikubali lipa. Giaboksi ikilia au gia ikichomoka yenyewe ukiwa unalima, hapo ndipo uondoke. Na hakikisha unalijaribu shambani na jembe, uwanjani kwa dalali kila trekta ni zima.